Lile swali lako la serikali mpya na furaha

Mwanangu, umeniuliza eti utawala ukibadilika watu wanakuwa na furaha zaidi au ni kelele za siku mbili tu. Ngoja nikwambie ya usiku ule redio iliposema yule rais wetu mzee kang'oka. Baba yako mdogo alitoka nje na ndala mguu mmoja, bibi yako akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, majirani tulionuniana miaka tukakumbatiana. Sijawahi kufurahi vile, hata siku ya harusi yangu (usimwambie baba yako). Wiki haijaisha naingia ofisini, yule bosi aliyekuwa anatuchongea kwa wakubwa kakaa kiti kilekile, ukutani kashabandika picha ya rais mpya, tena kubwa kuliko ya yule wa zamani! Ile picha inaniuma mpaka leo.

Msimamo wangu unaujua, serikali haimpi mtu furaha, inachoweza ni kumtoa hofu. Angalia Afrika Kusini, baada ya uchaguzi wa 1994 tafiti zilikuta weusi na weupe wana furaha karibu sawa, lakini miaka miwili haikupita furaha ya weusi ikashuka tena, maana ajira na nyumba haziji kwa kasi ya kura. Ujerumani Mashariki nako, ukuta wa Berlin umeanguka 1989, viwanda vikafungwa, kuridhika kwa watu kukashuka chini ya mwanzo, ikachukua miaka ndo wakapanda.

Ila Urusi ndo inanivuruga. Muungano wa Kisovieti umevunjika 1991, mwaka uliofuata bei zikapanda zaidi ya mara ishirini, akiba ya uzee ikayeyuka, na kufika 1994 wastani wa maisha ya mwanaume ulikuwa chini ya miaka 58. Hofu ya polisi imetoka, ikaja hofu ya kesho, sasa hapo mtu katolewa hofu gani?

Lakini subiri. Zamani sisi tukitaka kuisema serikali tulikuwa tunaongeza sauti ya redio kwanza. Baada ya pale nikawa nabishana na baba yako mdogo dirisha wazi, mshahara uleule, bosi yuleyule, na nacheka. Hofu, mwanangu, nakwambia ni hofu.

Najua unataka ndiyo au hapana, na jibu ninalo mdomoni linaniwasha kabisa, ila nikilisema utalipeleka kwenye grupu la ukoo halafu baba yako mdogo anitumie voisi mpaka asubuhi. Mpigie yeye kwanza.