Kufundisha useremala sekondari: malipo yake, na namna ya kuyafikia mapema

Masomo mengi humlipa mwalimu kwa kuchelewa. Anafundisha miaka minne, matokeo yanatoka, wanafunzi wameshatawanyika. Useremala hulipa papo hapo. Mwanafunzi anasukuma ulimi (ncha ya mbao iliyopunguzwa unene) kwenye tundu la mbao nyingine kwa kiganja, unaingia kwa kubana, ananyanyua vipande vyote viwili kwa mkono mmoja na haviachani. Hahitaji kuambiwa kwamba amepata. Na ulimi ukicheza, hahitaji kuambiwa kwamba amekosa. Anageuza mbao, anatafuta mwenyewe msumeno ulikopotoka.

Hilo ndilo jambo zuri kuliko yote katika kufundisha somo hili, na linasikitisha kuona karakana ambazo hazilifikii. Muhula unaishia kwenye kukariri majina ya vifaa, patasi ni butu, na kazi ya kwanza ni kabati ambalo halimaliziki. Tangu 2024 mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi na kazi za mikono, umeanza katika baadhi ya sekondari za Tanzania, kwa hiyo ufundi hauko tena kwa shule kongwe kama Ifunda, Moshi na Tanga peke yake. Mwalimu anayeanza sasa apange muhula ili kila mwanafunzi aonje kiungo kilichobana kabla ya wiki ya sita.

Wiki mbili za kwanza ni za kunoa. Usizipitie haraka. Patasi hunolewa kwa digrii 25, kisha makali ya mwisho hupandishwa hadi digrii 30. Shule isiyo na mawe ya kunolea ibandike msasa wa maji juu ya kioo kinene: namba 220, 400, halafu 1000. Kwanza sawazisha mgongo wa patasi, ndipo ugeuze upande wa makali. Noa mpaka kidole kikipita taratibu mgongoni kiguse ukingo mwembamba wa chuma uliopindukia upande wa pili, kisha uondoe ukingo huo kwa kulaza mgongo juu ya msasa. Jaribio ni kukata kichwa cha mbao ya paina, yaani ncha yake ambako nyuzi zimekatwa. Kikitoka laini, patasi iko tayari. Kikichanika na kuacha vijishimo, mwanafunzi arudi kwenye kioo. Makali butu ndiyo yanayoumiza watoto, kwa sababu yanalazimisha nguvu, na nguvu ikiteleza huishia kwenye mkono wa kushoto. Kanuni ya usalama ni moja na haina mjadala: mikono yote miwili hukaa nyuma ya makali, mbao hushikwa na jiliwa, kile kibano cha kwenye meza. Tai ya shule ivuliwe, ushungi uchomekwe ndani.

Kazi ya kwanza iwe stuli. Ni ndogo, ina viungo nane vya aina moja, na mtoto anaibeba nyumbani. Kwa stuli moja nunua paina kavu, unene na upana kwa inchi: mbili kwa mbili futi 6 ya miguu, moja kwa tatu futi 4 ya mbavu (vile vipande vinavyounganisha miguu), na moja kwa nne futi 5 ya kikalio. Baada ya kuranda, mguu uwe na milimita 45 kwa 45 na urefu wa 400. Ubavu ukatwe milimita 270: 220 katikati, na ulimi wa 25 kila upande. Kikalio ni vipande vinne vya upana wa milimita 85 vilivyounganishwa kwa gundi, hivyo kinapata 340 na kupita miguu kidogo tu kila upande.

Ulimi huwa karibu theluthi moja ya unene wa ubavu, lakini kinachoamua ni patasi uliyo nayo. Ubavu wa milimita 20 na patasi ya 6, basi ulimi ni 6. Tundu lichimbwe milimita 27 kwenda chini, mbili zaidi ya urefu wa ulimi, ili gundi ipate pa kukaa. Juu ya mguu acha angalau milimita 15 bila tundu, la sivyo mguu utapasuka kileleni siku ya kubana. Matundu mawili ya mguu mmoja hukutana ndani, kwa hiyo ncha za ndimi zikatwe kwa digrii 45 zisigongane. Hapo ndipo wengi hukwama: ulimi haufiki mwisho, mwanafunzi anaongeza nyundo, mguu unachanika.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni kukata juu ya mstari. Msumeno hula zaidi ya milimita moja, na ulimi wa 6 ukipoteza moja umeshalegea. Fundisha kuchora kwa ncha ya kisu badala ya penseli, kutia alama ya X upande wa kutupwa, na kupitisha msumeno upande huo huku mstari ukibaki mzima. Kinachozidi hupunguzwa kwa patasi, unyoya kwa unyoya.

Kosa la pili ni mbao mbichi. Kiungo kinabana leo, mwezi ujao kinacheza, na mwanafunzi anaamini hajui kazi wakati mbao ndiyo iliyosinyaa. Panga mbao kivulini zikiachanishwa kwa vijiti vya inchi moja, kata kipande kimoja, kipime kwenye mizani kila wiki. Uzito ukitulia wiki mbili mfululizo, anzeni kazi. Kwa sababu hiyo hiyo kikalio kisigundishwe kwenye mbavu. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana, kwa urefu karibu haisogei. Tumia skurubu kupitia matundu mapana kidogo kuliko skurubu yenyewe.

Siku ya gundi, pima fremu kwa ulalo, pembe hadi pembe, njia zote mbili. Vipimo vikitofautiana zaidi ya milimita 2, sogeza klempu ifuate ulalo mrefu na ukaze taratibu mpaka vilingane. Mwanafunzi aliyechoshwa na jiometri ubaoni huielewa hapa, akiwa na futi mkononi na gundi inakauka.

Darasa la wanafunzi 40 na meza 10 linawezekana. Wanne kila meza: wawili wanakata, mmoja ananoa, mmoja anachora, kisha wanabadilishana kila dakika 20. Angalia nani anapewa nini. Bila usimamizi wasichana huishia kwenye msasa na vanishi, na hiyo ni dhuluma ya wazi. Kila mtoto achimbe tundu lake. Na utaona mpangilio wa darasa ukigeuka: yule asiyenyoosha kidole kwenye Kiingereza ndiye anayeitwa meza ya tatu kusaidia kunoa.

Vumbi la mvule huwasha pua na ngozi, kwa hiyo wanaoanza wasipewe. Mabaki ya paina iliyotiwa dawa, ile yenye rangi ya kijani, yasipelekwe jikoni kuwa kuni hata wapishi wakiomba, kwa kuwa moshi na majivu yake vina sumu.

Kidato cha Pili wape madawati ya shule. Mengi hulegea kwa sababu skurubu zimeingia kwenye kichwa cha mbao, ambako nyuzi hazishiki. Toboa tundu la milimita 12 kwa kekee (drili ya mkono) kutoka upande wa mbao hiyo, livuke njia ya skurubu. Pigilia kijiti cha mbao ngumu chenye gundi, acha mpaka kesho yake, kisha rudisha skurubu ipite ndani ya kijiti hicho. Dawati moja huchukua kipindi pacha kimoja, kukausha kando. Waliolitengeneza wataje majina yao mbele ya mkuu wa shule linaporudi darasani, na Kidato cha Kwanza walikalie.