Maswali Yenu: Korti ilipata wapi nguvu ya kufuta sheria?

SWALI: Assalam aleikum maalim. Juzi hapa baraza ya Mkunguni tulibishana mpaka adhana ya isha, mwenzetu ashikilia kwamba hii nguvu ya korti kufuta sheria ya bunge ilianza kule Marekani kwa ugomvi wa vyama tu, hamna hekima yoyote. Ni kweli ama anatupiga kamba? – Msomaji, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam. Ugomvi ulikuweko, tena mkubwa. Uchaguzi wa 1800 Rais John Adams wa chama cha Federalisti aliangushwa na Thomas Jefferson wa chama cha Republikani (si hawa Republikani wa leo, msichanganye). Federalisti wakaona urais umeenda, bunge limeenda, kilichobaki ni korti, basi fasta fasta Februari 1801 wakapitisha sheria ya kuongeza majaji 16, na juu yake Adams akateua mahakimu wadogo 42 wa eneo la mji mkuu, akawa asaini hati zao za uteuzi mpaka tarehe 3 Machi, na kesho yake Jefferson aapishwa!

Sasa hapa ndo patamu. Wa kuzipiga hati mhuri na kuzifikisha alikuwa waziri wa mambo ya nje, John Marshall, na huyo huyo Marshall ashakuwa Jaji Mkuu tayari, yani kofia mbili kichwa kimoja. Mhuri ulipigwa ila hati zingine zikabaki ofisini, Jefferson kuingia akasema hizo hazitoki. Mmoja wa walionyimwa, William Marbury, akaenda Mahakama ya Juu kutaka waziri mpya James Madison alazimishwe kumpa yake. Na anayesikiza kesi ni nani? Marshall! Leo hapa Malindi wakili angeomba jaji ajitoe kabla hata hajaketi.

Watu wa Jefferson nao 1802 wakaifuta ile sheria ya majaji 16 na wakabadilisha kalenda ya korti, kesi ikangoja mpaka 1803. Marshall alikuwa amebanwa, akimwamuru Madison atapuuzwa na korti iaibike, akikataa ataambiwa kaogopa. Tarehe 24 Februari 1803 akasema hivi: Marbury ana haki ya hati yake na serikali imemkosea, lakini sisi hatuwezi kumpa, manake kile kifungu cha 13 cha sheria ya mahakama ya 1789 kinachotaka kesi kama hii ianzie kwetu kinapingana na katiba, basi ni batili. Alitupa dagaa akavua nguru, manake katiba yao haikuandika popote wazi kwamba korti yaweza kufuta sheria. Sisi yetu ya 2010 imeandika kabisa, someni kifungu cha 2(4) na cha 165.

Kwenye hekima ndo nampinga mwenzenu. Alexander Hamilton, mmoja wa waasisi wa Marekani, aliliandika wazo hilo la korti kufuta sheria inayopingana na katiba 1788, kabla hata Adams hajawa rais.

SWALI: Na Jefferson akanyamaza tu? – Huyo huyo wa Lamu

JIBU: Angekaidi nini na hakuamriwa kitu? Alikasirika lakini, na 1804 wabunge wa chama chake wakamshtaki jaji mwingine wa Mahakama ya Juu, Samuel Chase, wamtoe, Seneti ikamwachilia 1805. Marbury hati hakupata. Marshall akakaa kitini mpaka alipokufa 1835, Jefferson ashastaafu na ashazikwa.