Milima ya Uswisi na watoto wadogo

Dada, umesema mnaenda Uswisi Julai na watoto wa miaka 4 na 7, unahofia milima itawashinda. Haitawashinda. Anzeni na bonde la Lauterbrunnen: njia ya kuelekea kijiji cha Stechelberg ni tambarare, na maporomoko ya Staubbach, karibu mita 300, yako hapo hapo kijijini Lauterbrunnen. Wangu walikinga viganja wapate matone, kuwaondoa ikawa kazi. Siku nyingine pandeni gari la kebo hadi mlima Männlichen, mtembee mpaka kituo cha treni cha Kleine Scheidegg. Kilomita 4 na ushee, mteremko mdogo. Vibao vya njano huonyesha muda, si umbali, kwa hiyo ongezeni nusu. Masweta msiache. Mkisikia ngurumo, rudini. Mwenye pumu amwone daktari kabla ya safari.