Kadi za filamu za bei ghali: boksi au kadi moja moja?

Kwa faida, boksi la bei ghali la kadi za filamu (kadi za kukusanya zenye picha za filamu, boksi likiwa limefungwa usijue ndani kuna zipi) halilipi kwa wengi. Kwa mapenzi ya filamu, ndiyo, kusanya, ila nunua kadi moja moja unayoitaka badala ya kufungua boksi kwa kubahatisha.

Boksi linakuahidi saini, lakini halikuambii ya nani. Mara nyingi unaangukia mwigizaji aliyeonekana dakika mbili tu. Itazame saini kwa karibu: ukiona ukingo wa stika ya plastiki inayong'aa, ujue mwigizaji alisaini stika, kampuni ikaibandika baadaye. Wakusanyaji wengi hulipa zaidi kwa saini iliyoandikwa juu ya kadi yenyewe.

Namba kama 25/99, yaani kadi ya 25 kati ya 99 zilizochapwa, nayo isikupumbaze, uhaba huo umepangwa kiwandani. Linganisha na kadi za filamu ya Star Wars za kampuni ya Topps za 1977, zile za ukingo wa buluu, 66 kwenye toleo la kwanza. Ziliuzwa kwa bei ya watoto, pamoja na chingamu, na watoto wakazichezea mpaka zikachakaa. Ndiyo maana iliyobaki na kona kali na picha iliyokaa katikati inatafutwa hadi leo.

Saini za waigizaji waliofariki ni habari nyingine. Carrie Fisher, aliyeigiza Princess Leia kwenye Star Wars, alifariki 2016, hakuna mpya zitakazoongezeka. Hapo bei kubwa naielewa kabisa, mradi nyuma ya kadi kampuni iwe imethibitisha kwamba saini ni halisi.