Mwezi wa saa yangu na maneno ya wifi

*Shangazi, shikamoo. Tulipotimiza miaka kumi ya ndoa mume wangu alinizawadia saa ya almasi yenye kidirisha cha kuonyesha umbo la mwezi. Naivaa kwenye sherehe tu. Juzi usiku tulikuwa nje, mwezi mpevu, wifi yangu akanishika mkono, akaitazama saa, akatazama juu, akacheka: "Mwezi wako nusu! Hiyo feki, kaka kapigwa au kakupiga." Kufika nyumbani nakuta na kijiwe kimoja cha pembeni hakipo. Usingizi umeniruka. Nimbane mume wangu, au niipeleke kwa fundi kimyakimya?*

Marahaba, mwanangu. Jibu la mwezi umeliandika mwenyewe: unaivaa kwenye sherehe tu. Saa nyingi za namna hii hujitia ufunguo kwa mtikisiko wa mkono. Ukishaivua hubakiwa na nguvu ya kwenda saa 40 hivi, kisha husimama, na mwezi wake husimama nayo. Wa angani haungoji mtu. Saa iliyolala sandukuni siku tisa huachwa nyuma siku saba, na siku saba ndizo zinazotenganisha nusu mwezi na mwezi mpevu. Wewe siku ya sherehe unarekebisha mishale, mwezi unausahau. Saa halisi ya bei ya kutisha ingekuaibisha vilevile mbele ya wifi.

Chini ya kile kidirisha kuna kisahani kilichochorwa miezi miwili, kinachozungushwa na gurudumu la meno 59, jino moja kwa siku. Hiyo ni miezi miwili ya siku 29 na nusu. Mwezi wa kweli huchukua siku 29, saa 12 na dakika 44. Zile dakika 44 hujikusanya, na baada ya miaka miwili na miezi saba hivi hata saa isiyosimama kamwe huwa imekosea siku nzima. Zipo za ufundi zaidi, zenye gurudumu la meno 135, ambazo hufika kosa la siku moja baada ya miaka 122.

Kabla ya kuirekebisha, itazame kwa siku moja. Kama kisahani kinazunguka chote ndani ya saa 24, mara jua mara mwezi, basi hicho ni kionyeshi cha usiku na mchana tu, na hakijawahi kudai kufuata mwezi wa angani.

Kama ni cha mwezi kweli, fanya hivi. Tafuta kwenye kalenda mwezi ulipevuka lini. Anza na mwezi mpevu, usianze na mwandamo, kwa sababu giza la kwenye saa hutangulia siku moja au mbili kabla ya macho kuuona mwezi mwembamba. Tia saa ufunguo, kisha zungusha mishale yote miwili ielekee chini, kwenye tarakimu 6. Kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku meno ya kusogeza tarehe na mwezi huwa yameshikana. Ukilazimisha wakati huo jino hukatika, na hilo ni kosa la gharama kubwa kuliko yote nitakayokutajia. Ubavuni utaona kitundu chenye kitufe kilichozama. Kibonyeze kwa kijiti kilichokuja na saa, au cha mti chenye ncha butu. Sindano huteleza na kukwaruza dhahabu. Bonyeza mpaka mwezi mzima ukae katikati ya kidirisha, halafu ongeza mbonyezo mmoja kwa kila siku iliyopita: siku sita, mara sita. Ukipitiliza, kisahani hakirudi nyuma, itabidi ukizungushe tena. Saa nyingine hazina kitundu, mwezi wake hurekebishwa kwa kuvuta kifundo cha ufunguo hatua moja na kukizungusha upande mmoja.

Na usishtuke mwezi mwembamba wa kwenye saa ukisimama wima ilhali wa juu umelala kama mtumbwi. Michoro hiyo huigiza anga la kaskazini ya dunia, na karibu na ikweta mwezi hulala.

Sasa kijiwe, ambacho kwangu ndicho cha haraka. Acha kuivaa leo. Mawe madogo ya namna hiyo hupandwa bega kwa bega na hushikwa na vijino vya chuma vya pamoja, kwa hiyo moja likitoka, majirani zake hupoteza mshiko. Pitisha kitambaa laini cha nyuzi juu ya mawe yote, polepole. Uzi ukinasa mahali, hapo kuna kijino kilichoinuka. Kagua sanduku na mikunjo ya nguo ulizovaa usiku ule, ukikipata kikunje kwenye karatasi. Gundi usiiguse. Ile ya kukauka haraka hutoa mvuke unaoacha ukungu mweupe kwenye mawe na kioo, na fundi atalazimika kuitoa kabla ya kuanza kazi.

Kwa fundi kimyakimya usiende. Asiyeidhinishwa akifungua mgongo wa saa, dhamana inaweza kufa, na hapo wewe ndiwe utakayekuwa na la kueleza. Isitoshe, kalamu ya kupima almasi hupima jinsi jiwe linavyopitisha joto. Kwenye vijiwe vya milimita moja ncha hugusa chuma na kudanganya, na moisanaiti, jiwe lisilo almasi ila linalofanana nayo, hupita kipimo hicho kama almasi.

Mwambie mumeo kweli hilo lililotokea: "Jiwe moja limetoka, naomba kadi ya dhamana niipeleke saa kwa wakala wa kiwanda." Hapo hujamtuhumu mtu. Namba iliyochongwa mgongoni ifanane na ya kwenye kadi. Akisema kadi hakuna, uliza aliipata wapi, kwa sauti ya kawaida. Huenda aliinunua mkononi mwa mtu. Huenda pia saa ni halisi ila almasi zilipandwa baadaye na sonara mwingine. Hizo mara nyingi huonekana kwa mistari isiyonyooka na mawe yasiyolingana, na viwanda vingi hukataa kuzihudumia. Na ikithibitika ni feki, mwenye kidonda cha kwanza ni yeye aliyetoa pesa.

Wakala akimaliza, muombe aipime kama inaingiza maji kabla hajakukabidhi. Wifi mwonyeshe saa mwezi ukipevuka tena, ukiwa umeivaa siku mbili mfululizo.