Chura Anayeng'aa Bila Taa Yake

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeona picha ya chura mdogo wa mitini wa Amerika Kusini, ambaye mwili wake wote uling'aa kijani gizani. Je, huwaka mwenyewe kama kimulimuli? Na mng'ao huo unamfaa nini?

JIBU: Ndugu msomaji, picha ni ya kweli, ila chura huyo hawaki. Kimulimuli huzalisha mwanga kwa kemikali zilizomo katika ncha ya tumbo lake, hata pasipokuwa na nuru nyingine yoyote. Chura huyu, ambaye wanasayansi humwita Boana punctata, hupokea mwanga wa urujuani na wa buluu kutoka nje, kisha huutoa tena ukiwa wa kijani. Ukimweka katika giza totoro hutaona kitu.

La kustaajabisha ni kwamba alielezwa kisayansi tangu mwaka 1799, naye huishi kwenye mimea ya kando ya maji kuanzia bonde la Amazon hadi kaskazini mwa Argentina, lakini sifa hii ilitangazwa mwaka 2017 tu. Watafiti wa Buenos Aires, wakiwamo Carlos Taboada na Julián Faivovich, walikuwa wakichunguza biliverdini, rangi inayowapa baadhi ya vyura ukijani wao, wakatarajia kwamba wakimmulika kwa kurunzi ya urujuanimno wangeona wekundu hafifu. Waliona kijani kikali. Chanzo chake ni molekuli walizoziita hailoini, zilizomo katika limfu, yaani majimaji yanayozunguka mwilini, na katika tezi za ngozi. Na kwa kuwa ngozi yenyewe hupitisha nuru, mwili mzima hung'aa.

Picha za kurunzi hiyo, kwa maoni yetu, hutia chumvi kidogo, kwani porini hakuna mwanga wa namna hiyo usiku. Hata hivyo, watafiti hao walikadiria kuwa chini ya mbalamwezi takribani asilimia 18 ya mwanga unaotoka mwilini mwake hutokana na mng'ao huo, na baada ya jua kutua hukaribia asilimia 30. Kijani hicho ndicho ambacho macho ya vyura hukinasa vizuri usiku, ndiyo maana inadhaniwa kwamba humsaidia kuonekana na wenzake. Hiyo bado ni dhana. Lililo wazi ni kwamba dume humwita jike kwa sauti.