Foleni ya zahanati: niajiri daktari wa pili?

SWALI: Nina zahanati binafsi Morogoro: daktari mmoja, wauguzi wawili, mtu wa maabara, mtu wa dawa na dada wa mapokezi. Tunapokea wagonjwa kama 50 kwa siku. Daktari anamwona kila mmoja dakika 6. 35 kati yao wanapelekwa maabara, kisha wanarudi kwake dakika 4. Wa bima ni 25, na kila fomu inamla daktari dakika 3. Watu wanakaa benchi saa tatu, wengine wanakata tamaa na kuondoka. Nimesikia habari za nadharia ya vikwazo, ila naona ni mambo ya viwanda. Nichukue daktari wa pili?

JIBU: Ndugu yangu, usimchukue bado. Eliyahu Goldratt, aliyeieneza nadharia hiyo miaka ya 1980, kweli alianzia kiwandani. Lakini hoja yake haihitaji mashine: kazi ikipita mikono mingi, mkono mmoja ndio unaoamua kasi ya wote. Kiwandani utauona kwa rundo la bidhaa zilizoishia njiani. Kwako rundo limekaa kwenye benchi na linajipepea kwa kadi ya kliniki.

Tupige hesabu zako. Mara ya kwanza kwa daktari ni dakika 300, kurudi na majibu 140, fomu 75. Jumla 515. Siku ya saa 8 ina dakika 480. Basi kweli daktari ndiye kikwazo, hukukosea. Ila tazama anachokifanya: zaidi ya saa nzima anaandika namba za kadi na majina, kazi ambayo haikuhitaji udaktari.

Anza hapo. Muuguzi ajaze fomu yote, daktari abakize ugonjwa na sahihi, dakika 1 tu. Umefika 465. Nafasi iliyobaki bado ni ndogo mno, kwa sababu wagonjwa hawaji kwa ratiba. Kwa hesabu ya kawaida ya foleni, mhudumu aliyebanwa na kazi asilimia 80 ya muda wake akifika 90, muda wa kusubiri unazidi mara mbili. Wewe hapo uko karibu 97.

Kwa hiyo gusa zile safari za kurudi. Kipimo cha haraka cha malaria huchukua kama dakika 15 hadi 20, na muuguzi aliyefundishwa anaweza kukifanya. Daktari aandike mwongozo: mwenye homa apimwe kabla ya kuingia kwake. Wakiwa 15 tu, na kila mmoja akimwokolea dakika 3, umeshuka hadi 420, yaani chini kidogo ya asilimia 88.

Mapokezi nako kuna mtego. Nadhani unamsifu dada wa mapokezi kwa kuandikisha watu 30 ndani ya saa moja. Daktari hawezi kuwaona 30 kwa saa; anachofanya dada ni kuhamisha umati kutoka dirishani kwenda mlangoni. Ni bora awape muda wa kurudi wale wasio na dharura. Na mtu wa maabara asisubiri sampuli kumi zijae ndipo atoe majibu, maana wote wanamwangukia daktari kwa mpigo.

Niliwahi kuombwa ushauri na ofisi ya mawakili iliyotaka kuongeza makarani watatu. Mikataba ilikuwa imelala kwenye meza moja ikisubiri sahihi ya bosi, ambaye alisaini Ijumaa tu. Makarani watatu wangeongeza urefu wa rundo.

Jaribu wiki mbili, kisha kaa benchi mwenyewe asubuhi ya Jumatatu na daftari, uandike kila mmoja ameingia wapi na ametoka saa ngapi. Watu wakihamia mlango wa maabara, huko ndiko kwa kutia fedha. Wakibaki kwa daktari ilhali fomu zimeshamtoka, hapo ajiri daktari wa pili. Na ukikuta benchi tupu saa tano, zahanati inatosha. Kilichobaki ni kuwarudisha wale waliokukimbia.